Uji wa Saa Nne

Meneja aliyeletwa kwenye kiwanda chetu cha chai baada ya kiwanda kuuzwa alikuwa mtu wa mashati meupe. Miaka miwili niliyofanya kazi chini yake sikuona hata siku moja alama ya jasho kwapani mwake. Ofisi yake ilikuwa upande wa bustani ya maua, mbali na boila, lile tanuru la kuni la kutoa mvuke, na kiwandani alipita mara moja kwa siku, asubuhi, mikono nyuma, akitazama mitambo. Watu hakuwatazama. Nilimdharau tangu wiki ya kwanza, na sitajifanya kwamba umri umenilainisha.

Mimi nilikuwa muuguzi wa zahanati ya kiwanda, chumba kimoja chenye kitanda, kabati la dawa na dirisha lililotazama ghala la kuni. Nilizaliwa Korogwe, kwenye joto, nikapangiwa Rungwe nikiwa na miaka ishirini na sita na sweta mbili. Wiki ya kwanza nilizivaa zote mbili pamoja. Nje kulikuwa na mvua, ukungu na matope. Wanawake walichuma chai huku mvuke ukiwatoka midomoni. Ndani, mbele ya boila na kwenye chumba cha kukaushia majani, joto lilikuwa la kukukata pumzi mlangoni. Kati ya baridi ile na moto ule palikuwa na ukuta mmoja tu wa tofali.

Wachochea moto walifanya kazi mbele ya mdomo wa boila. Walibeba magogo ya mikaratusi, wakafungua mlango wa chuma, wakasukuma, wakafunga, na kabla mikono haijapumzika moto ulikuwa unataka tena. Zama za shirika la umma walikuwa wanne kila zamu. Kulikuwa na bomba la maji karibu na mlango, na saa nne asubuhi mama mmoja wa jikoni alileta ndoo ya uji wa mahindi uliotiwa sukari na chumvi. Uji ule ulikuwa mchungu kidogo kwa chumvi, na mimi niliukataa siku ya kwanza. Mama wa jikoni alicheka. "Huu si wako, sista," alisema. "Huu ni wa watu wa moto."

Hakuna aliyekumbuka ni nani aliyeanzisha uji huo. Huenda hata aliyeuanzisha hakujua kwa nini unafaa.

Meneja alipofika aliitisha mkutano uani. Msimamizi wa zamu alisimama kando yake akiitikia kwa kichwa kila sentensi. Msimamizi huyu, miezi michache nyuma, alikuwa anatuita sote "ndugu" na kutuhutubia juu ya mali ya umma. Siku ile alikuwa na neno jipya, "bosi", na alilitumia kama mtoto aliyepewa filimbi.

"Kiwanda si hoteli," alisema meneja. "Mtu anakuja hapa kufanya kazi, si kunywa uji."

"Kweli, bosi," alisema msimamizi.

Kwa hiyo uji ukafutwa. Wachochea moto wakapunguzwa kutoka wanne hadi wawili. Bomba la mlangoni likafungwa kwa waya, kwa sababu meneja aliona watu wawili wamesimama hapo wakiongea. Aliyetaka maji aliomba ruhusa, akazunguka hadi bomba la bustani, mvuani, kisha akarudi. Msimamizi alisimama na saa yake mkononi. Baada ya siku tatu hakuna aliyeomba ruhusa tena.

Muda si mrefu wanaume walianza kuletwa kwangu. Mmoja nyama za paja zilikuwa zimekaza kama ubao, analia, mtu mzima mwenye wajukuu. Mwingine tumbo limejikunja hawezi kunyooka. Mwingine anatapika na kusema kichwa kinapasuka. Na mimi, niliyesoma, niliyezaliwa kwenye joto, niliwatazama nikafikiri kimpumu. Pombe ile ya kienyeji ilinywewa sana mwisho wa wiki, na nilikuwa nimekwisha kuamua kwamba watu wa milimani hawajui joto na hawajui kiasi. Niliwapa vidonge vya maumivu nikawarudisha kazini. Hapa dharau yangu sina budi kuigeuzia kwangu mwenyewe, maana nilistahili zaidi ya meneja. Yeye hakuwa amesomea mwili wa binadamu.

Kulikuwa na mchochea moto mmoja wa Kisondela, mwenye miaka hamsini hivi, mrefu, mpole, aliyekuwa mbele ya boila lile tangu ujana wake. Alikuwa mzee wa kanisa. Wenzake walisema hajawahi kuugua. Alichukua likizo ya wiki tatu kumzika kaka yake na kugawa shamba la migomba, na siku ya pili baada ya kurudi aliingia zahanati akipepesuka, akashika kabati, akaniambia jina la mke wake badala ya lake.

"Umekunywa, mzee?" nilimuuliza.

"Sijanywa, binti yangu. Sijanywa hata maji."

Nilisikia neno la kwanza tu, na sikuliamini. Nilichukua daftari, mbele ya jina lake nikaandika: ulevi.

Msimamizi alikuwa na tabia ya kupitia daftari langu, jambo ambalo nilipaswa kulikataa na sikulikataa. Alimsimamisha mzee yule kazi wiki nzima. Tukuyu, mji ulio karibu na kiwanda, si mkubwa. Habari ilifika Kisondela kabla yake. Jumapili wazee wenzake walimwita pembeni, wakamwambia akae kando na meza ya Bwana hadi jambo lake liangaliwe. Aliyenieleza hayo ni mama wa jikoni, ambaye tangu uji ufutwe alikuwa anafagia, na alinieleza bila kunitazama.

Jumatatu mzee alirudi. Hakunisemesha. Jumanne, kama saa saba mchana, nilisikia kelele upande wa boila, nikakimbia. Mwenzake alisema tangu asubuhi mzee alikuwa anabeba magogo mawili mawili, hapumziki, na kila akiambiwa akae alijibu, "Wataona kama nimelewa." Kisha akaanza kuongea maneno yasiyoeleweka, akajaribu kufungua mlango wa boila upande usio na mpini, akaanguka.

Nilipomgusa kifuani niliondoa mkono. Sijawahi kugusa mtu hai mwenye joto la namna ile. Nilimwekea kipimo kwapani na zebaki ikapanda hadi karibu na mwisho. Macho yalikuwa wazi na hayakuniona.

Na hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo hadi leo nikilikumbuka natamani kumpiga mtu. Tulimbeba hadi nje, chini ya paa la ghala, na msimamizi akaja mbio na blanketi. Blanketi zito la sufu. Meneja alikuwa nyuma yake, ameshika mwavuli.

"Mfunikeni," alisema meneja. "Baridi hii itampa nimonia."

"Mfunikeni!" msimamizi akarudia.

Wakamfunika. Mtu anaungua kwa ndani, nao wanamfunika. Nililivuta blanketi nikalitupa matopeni. Nililirarua shati lake. Niliwaambia vijana wawili wa ghalani wamtoe chini ya paa, wamlaze mvuani.

"Wewe sista una wazimu?" alisema meneja. "Akifa ni juu yako."

"Shika miguu yake," nilimwambia.

Hakushika. Alitazama viatu vyake, kisha akatazama mvua, akasogea hatua moja nyuma. Vijana walishika. Tukamlaza kwenye nyasi, mvua ya Tukuyu ikamnyeshea, ile mvua baridi niliyoilaani tangu nifike, na juu ya mvua tukammwagia ndoo za kuzimia moto, moja baada ya nyingine, huku nikimpepea kwa kipande cha boksi la chai. Mama wa jikoni alikuja akapiga magoti upande wa pili, akamsugua mikono na miguu, akimwita kwa Kinyakyusa. Ilichukua muda mrefu. Mwishowe alianza kutetemeka, akatazama huku na huku, akauliza kwa nini amelala uchi mbele ya wanawake.

Tulimpeleka hospitalini kwa gari la kubebea majani. Mkojo wake siku mbili za kwanza ulikuwa wa rangi ya kahawa. Daktari, kijana aliyechoka kuliko wagonjwa wake, alinieleza mambo ambayo nilikuwa nimefundishwa na kuyasahau. Kwamba misuli iliyopikwa huvunjika na kuziba figo. Kwamba mwili huzoea joto polepole, siku kama kumi au zaidi, hadi jasho linajifunza kutoka mapema na kubakiza chumvi. Na kwamba mtu akikaa wiki tatu nyumbani mwili unasahau, akirudi ni mgeni kama aliyeajiriwa jana. Kwamba mtu aliyepungukiwa maji na kupandwa joto anaweza kupepesuka na kusahau jina lake.

"Mlikuwa mnawapa nini cha kunywa?" aliuliza.

Nilimwambia kuhusu uji na bomba. Akasema, "Mliukata uji wenye chumvi, mkafunga na maji. Mngewachapa tu viboko, ingekuwa rahisi zaidi."

Alisema "mli", wingi, na alikuwa sahihi.

Nilirudi nikaomba mizani ya kupimia majani mabichi. Siku nne mfululizo niliwapima wachochea moto kabla ya zamu na baada ya zamu. Kila mmoja alitoka mwepesi kuliko alivyoingia, mmoja kwa kilo tatu nzima, na vipande vya chumvi vilikuwa vimekauka mgongoni mwa shati lake kama ramani. Niliandika yote kwenye karatasi safi nikaipeleka kwa meneja. Aliisoma yote, hilo nampa.

"Sasa," alisema, "watu wanalipa kwenda kupunguza mwili. Hawa wanapungua bure."

Alicheka peke yake. Kisha akaniambia nisitumie tena mizani ya majani, itaharibika.

Jumapili iliyofuata nilitembea hadi Kisondela. Baada ya ibada niliomba wazee wa kanisa wanisikilize. Mimi si wa kanisa lao na Kiswahili changu cha Tanga kiliwafanya wawili watabasamu. Nilisema kwamba neno nililoandika lilikuwa la uongo, kwamba mtu wao hakuwa amelewa bali alikuwa anakufa, na mimi nilishindwa kutofautisha. Mmoja aliniuliza kama sisi wauguzi hatufundishwi. Nilimwambia tunafundishwa. Walinishukuru, "ndaga", wakaniacha nitoke. Nilipofika kiwandani nililikata neno lile kwa wino mwekundu, nikaandika ugonjwa wake pembeni na kutia sahihi, kisha daftari nikalifungia kabatini. Msimamizi aliliomba siku hiyo hiyo. Nilimwambia ruhusa ya kulisoma akaiombe kwa daktari.

Uji ulirudi, lakini si kwa ajili ya mtu aliyeanguka, wala kwa karatasi yangu. Ulirudi kwa sababu ya chai. Wachochea moto wawili waliokauka hawawezi kulisha boila ipasavyo. Ikifika saa sita mikono yao ilikuwa imelegea, moto ukapungua, na majani yakatoka kwenye mtambo na unyevu. Mzigo mmoja ukarudishwa na wanunuzi kwa kuota ukungu, kisha mwingine. Mtu mmoja akatumwa na wenye kiwanda. Alikaa siku mbili, alisimama mbele ya boila kwa dakika chache, akatoka akijifuta uso, akauliza, "Hawa wanakunywa wapi maji?"

Kesho yake msimamizi mwenyewe alikata ule waya wa bomba kwa koleo, akatangaza kwa sauti kubwa kwamba menejimenti inajali afya za wafanyakazi. Wachochea moto wakawa watatu. Ndoo ya uji ikarudi saa nne. Meneja alionja kijiko kimoja mbele ya mgeni, akasema ni mzuri sana. Nilimwona akitema nyuma ya ghala.

Baadaye alihamishiwa kiwanda kikubwa zaidi, na tulichangishwa zawadi ya kumuaga. Sikutoa.

Mzee hakurudi kwenye boila. Figo zilipona, lakini joto hakuliweza tena. Hata jikoni kwake hakukaa kuni zikiwaka. Nilimtembelea mara kadhaa kabla sijahamishwa. Alilima alfajiri, na jua likianza kukaza aliingia kwenye kivuli cha migomba, akaketi, mkewe akaendelea. Jambo hilo lilimuumiza kuliko kanisa, ambako walikuwa wamekwisha kumrudisha mezani.

Mara ya mwisho alinichagulia mkungu wa ndizi mwenyewe, akaufunga kwa kamba. Nilimuuliza kama bado ana hasira nami.

"Nilikuwa nayo," alisema. "Nilimwomba Mungu aniondolee, akaniondolea."

"Na yule meneja?"

"Naye nimemsamehe."

"Mimi bado," nilimwambia.

Alinitazama kwa huruma, akanitwika mkungu kichwani, akaniambia niwahi kabla mvua haijanyesha. Ulikuwa mzito. Nilipofika mlima wa kwanza jasho lilikuwa linanitiririka hadi machoni.