Sakafu Isiyo na Mdudu

Wageni waliokuja chumbani kwetu Kibra walisifu kitu kimoja: hapakuwa na mdudu. Miaka ile ya hamsini, nyumba za udongo za upande wetu wa Nairobi zilikuwa na kunguni ukutani, viroboto mkekani na funza sakafuni. Kwetu hapakuwa na chochote. Ukikaa kimya mchana hukusikia hata nzi. Mwanzoni niliufurahia ukimya huo. Baadaye nilianza kuusikiliza.

Mume wangu alifanya kazi mjini, katika duka la Mhindi mmoja aliyeuza mbegu na dawa za mashamba. Alichota poda kutoka kwenye mapipa na kuipima katika mifuko ya karatasi. Iliyomwagika aliifagia jioni, na mwenye duka, ambaye hakuwa mchoyo, alimruhusu aichukue. Ilikuwa nyeupe na laini kama unga wa muhogo. Kwenye pipa iliandikwa DDT; sisi tuliiita diditi. Aliileta nyumbani katika kopo la majani ya chai na kuwagawia majirani wa safu yetu ya vyumba, ambao karibu wote walitoka magharibi ya nchi kama sisi.

Kwetu kule, sakafu ya udongo husiribwa kwa mavi ya ng'ombe yaliyochanganywa na majivu, na majivu ndiyo hufukuza funza. Nairobi wanawake waliweka diditi mahali pa majivu. Hakuna aliyetuagiza; kila mmoja aliona ndivyo inavyofaa. Tulikuja pia na desturi nyingine: mwenye mimba hainami kusiriba. Majirani humsiribia, tena bila ubahili, kwa sababu mtoto atalala humo. Kwa hiyo, kila Jumamosi, mjamzito ndiye aliyepata dawa nyingi kuliko wote.

Mimba yangu ya kwanza ilifika mwezi wa saba. Mtoto alizaliwa asubuhi, akalia kwa sauti ndogo kama ya kitu kilichofungiwa mbali, na kabla ya jua kutua akanyamaza. Jirani wa mlango wa pili, mwanamke mrefu, mcheshi, aliyekuwa kama dada kwangu, naye alijifungua mimba ya miezi saba mwaka uleule, na mtoto wake hakulia kabisa. Kisha ikawa zamu ya mwanamke wa chumba cha mwisho. Safu ikaanza kunong'ona. Wapo waliosema tumejengewa juu ya makaburi. Wapo waliosema kati yetu kuna mtu mwenye jicho baya. Mwenye nyumba, mama Mnubi aliyeishi ng'ambo ya ua katika nyumba yenye sakafu ya saruji, alisema Mungu ndiye ajuaye. Binti zake walizaa kwa wakati, mmoja baada ya mwingine.

Nilipopata mimba ya pili sikumwambia mtu hadi tumbo lilipojitangaza lenyewe. Sikuogopa kufa. Niliogopa mwezi wa saba, kana kwamba ulikuwa mtu anayenisubiri njiani.

Mvua za kwanza ziliponyesha, kumbikumbi walitoka. Kwetu ni chakula, nasi tulifurahi. Jioni ile niliacha mlango wazi na koroboi ikiwaka katikati ya chumba, nikakaa kitandani na bakuli nisubiri wadondoshe mabawa. Waliingia wengi. Walitua, wakatembea kwa mistari kama kawaida yao, wakipita juu ya kizingiti cha mbao bila shida. Walipofika sakafuni walikwenda hatua chache, wakasimama. Kisha wakaanza kutetemeka. Hawakufa mara moja. Walilala chali, miguu ikicheza, na kwa kuwa walikuwa wengi mno sakafu nzima ilionekana kutetemeka chini ya mwanga. Wengine waliendelea kuingia juu yao. Nilitazama miguu yangu mwenyewe, iliyokuwa imekanyaga pale siku zote bila viatu, nikaipandisha kitandani.

Mume wangu aliporudi alisema wadudu kufa ndiyo kazi ya dawa. Alinikumbusha kwamba askari waliotoka vitani walijipaka poda hiyo kichwani wakarudi wazima, na kwamba yeye huivuta puani kila siku. Nilimwambia kwamba askari hawakuwa na mimba. Siku iliyofuata alinichukua hadi dukani.

Mtaa ule wa maduka ulinukia bizari na magunia mapya, lakini ndani ya duka palinukia kama nyumba yetu. Mwenye duka alinipa kiti. Kwenye pipa palikuwa na picha ya nzi aliyelala chali, miguu juu. Wakati huo sikujua Kiingereza; niliokota maneno yake baadaye, peke yangu, kwa miaka. Nilimwomba anisomee maandishi. Alivaa miwani akasoma polepole, akitafsiri: isikaribie chakula, isikaribie samaki, mtu anawe mikono. Nikamuuliza yanasema nini juu yangu. Alilizungusha pipa taratibu hadi akarudi kwenye picha.

"Juu ya mama mwenye mimba hakuna neno," alisema. Kisha, kwa sauti ya chini, alisema kwamba wao hulala ghorofani juu ya duka hilo, na kwamba mkwe wake amekwisha kupoteza watoto wawili. Juu ya dari nilisikia mtu akitembea.

Jumamosi jirani yangu alikuja kama kawaida, karai la mavi kichwani na kopo mkononi. Nilisimama mlangoni. Nilikuwa nimetafuta maneno wiki nzima na sikuyapata, kwa sababu kwetu kukataa mikono ya jirani siku ya kusiriba ni kumwambia mbele ya watu kwamba mikono hiyo ni michafu.

"Sogea, dada, nikufanyie kazi," alisema. "Au umeanza kuolewa upya, unaona haya?"

Nilimwambia mwaka huu sitaki dawa. Alicheka. "Dawa inaua mende. Wewe ni mende?"

Nilimweleza habari ya kumbikumbi. Yeye alikuwa amewakusanya kumbikumbi wa chumbani kwake, akawakaanga, akawala, na aliniambia hivyo. Kisha kicheko kikatoweka usoni pake. Wanawake wengine walikuwa wametoka milangoni.

"Sema tu," alisema. "Unafikiri ni mimi ninayekula watoto."

Nikasema, "Dada, mtoto wako pia alikwenda. Ningekufikiriaje hivyo?"

Alitua karai mbele ya mlango wangu, akaliacha hapo, akaondoka. Lilikauka hapo siku kadhaa. Hakuna aliyeligusa.

Nilimwomba mama Mnubi anipe kona ya kulala hadi nijifungue. Nilifua nguo zangu zote, nikavuka ua. Mume wangu alibaki chumbani na aibu ya kuulizwa kama mkewe amekimbia sakafu. Kwenye saruji nililala na viroboto. Waliniuma usiku kucha, nami niliwaacha waniume. Mwezi wa saba ulipoingia safu nzima ilinitazama nikichota maji. Hakuna aliyenisalimu. Nilitembea kama mtu aliyebeba bakuli lililojaa hadi ukingoni. Ukapita. Wa nane ukapita. Mwishoni mwa wa tisa nilizaa msichana mzito, mwenye sauti iliyosikika hadi barabarani.

Tangu hapo nimesoma nilichoweza kupata kuhusu dawa zile, na wanaojua zaidi yangu bado wanaandika kwa tahadhari. Siwezi kusema nimethibitisha kitu. Naeleza nilichokiona.

Jirani yangu alikuja kumwona mtoto siku ya tatu. Hakuketi. Alimpima mkononi, akamfunua miguu, akaangalia kucha zake zilizokomaa. Akaniuliza kama kweli ni miezi tisa. Nikamwambia ni tisa. Akamrudisha, akaweka kiganja chake juu ya tumbo lake mwenyewe, na hapo tu ndipo nilipojua.

Asubuhi nilisikia jembe. Alikuwa ndani ya chumba chake, mlango umefungwa, akichimba sakafu. Alipofungua alikuwa mweupe kwa vumbi hadi kope. Nilimpigia kelele atoke, afunge kitambaa puani, na nikamwita mumewe amalizie. Udongo ulitoka karai baada ya karai, tabaka moja moja, kila Jumamosi yetu ikionekana kama karatasi ndani yake. Wanaume waliubeba hadi mtaroni, kwa kuwa hatukujua mahali pengine pa kuutupa. Jioni mvua ilinyesha na kuuchukua wote. Mtaro ule huteremka bondeni, na kule chini, kwa maji hayohayo, wanawake tusiowajua walikuwa wakifua nguo za watoto.