Hilding Hakusahau

Dukani hapa Bjärtsele, kijiji cha Uswidi, na kwenye kahawa ya kanisani baada ya ibada, watu husema mambo mawili juu ya marehemu mume wangu, Hilding Norén. La kwanza, kwamba aliwafundisha vijana kumwabudu shetani. La pili, kwamba alighushi orodha ya mahudhurio ya chama cha elimu kwa kumwandika mtu aliyekufa kuwa yupo. Nimenyamaza miaka ishirini na minane, kwa sababu mwanamke aliyefundisha sarufi maisha yake yote habishani na watu mbele ya rafu ya maziwa. Lakini mwezi uliopita nililikuta hilo la pili limechapishwa, katika kijarida kilichofuatana na santuri ya bendi ya mwanetu iliyotolewa upya huko Ujerumani, na chini yake wameandika kwamba familia yenyewe ilithibitisha.

Ni kweli, familia ilithibitisha. Familia ni mimi. Na nilichothibitisha kilikuwa uongo.

Hilding alikuwa mtunza kanisa. Alichimba makaburi, alipiga kengele, aliondoa theluji kwenye ngazi, alibadilisha namba za nyimbo ubaoni kila Jumamosi. Alisoma miaka saba tu. Mimi nilikuwa na shahada ya Chuo Kikuu cha Uppsala, yeye alikuwa na koleo. Waliotushangaa siku ya harusi walikuwa wengi, na mama yangu ndiye aliyewaongoza. Kila majira ya baridi Hilding alipima jinsi barafu ilivyoshuka ardhini, na wakati wa kifungua kinywa alinitangazia kama mwingine anavyotangaza habari za redio. "Sentimita themanini, Gunvor." Sikuwahi kumsikia akisema uongo, hata ule mdogo wa kumsifu mpishi.

Mtoto wetu alikuwa mmoja, Torkel. Alipofika miaka kumi na sita alianza kupiga ngoma na wenzake wawili: Staffan, aliyepiga gitaa na kupiga makelele, na Ronny wa gitaa la besi. Walichopiga ni metali nyeusi, ule muziki wa kasi na makelele unaoimba giza na mauti. Walitaka chumba katika kiwanda cha zamani cha maziwa, kule kando ya mto, na chama cha elimu kilikuwa tayari kuwapa bure kwa sharti moja: wajiandikishe kama duara la masomo. Nchi hii yote hujifunza hivyo, kufuma, kufuga nyuki, Kihispania, sauti za ndege. Watu hukaa pamoja, mmoja wao ndiye kiongozi wa duara, na kila wakikutana kiongozi hutia alama mbele ya jina la kila aliyeshiriki na kuandika mstari mmoja wa kilichofunzwa. Kiongozi alitakiwa awe mtu mzima. Hilding akakubali.

Walijaza fomu jikoni kwangu.

"Jina la bendi?" Hilding aliuliza, kalamu mkononi.

"Madhabahu ya Damu," Staffan alisema.

"Damu ya nani?"

Wakatazamana. "Ya watu tu, mzee."

"Wewe siku ya chanjo ulizimia kabla sindano haijatoka kwenye pakiti. Nilikuwepo, nilikuja kurekebisha mlango."

Ronny alicheka mpaka akajishika mezani. Torkel akasema, "Baba, andika tu, usituaibishe."

"Naandika. Nauliza kwa sababu saini ni yangu."

Kisha, huku akiwamiminia kahawa, akawaeleza jinsi ardhi ya makaburini inavyokuwa mwezi wa Februari: koleo linagonga na kulia kama limegonga chuma, na mtu anajua kwamba dunia haina haja naye. Staffan akauliza ardhi kama hiyo inaitwaje. Ndivyo bendi ilivyoitwa Tjälmark, ardhi iliyoganda. Shetani hakuwemo jikoni. Kulikuwa na mikate ya mdalasini.

Hilding angeweza kusaini na kurudi nyumbani, kama viongozi wengi wa maduara. Yeye alikaa. Kila Alhamisi alasiri alikwenda na chupa yake ya kahawa, akaketi nyuma juu ya kreti, masikioni amevaa vizibo vya msumeno. Baada ya mwezi mmoja alivivua. Na chini ya "Kilichofunzwa" aliandika kwa uaminifu, kwa mwandiko wake wa polepole: "Tumejifunza kuanza pamoja." Wiki nyingine: "Tumejifunza kutokuwa na haraka, ingawa tunapiga haraka." Nyingine: "Tumejifunza kwamba Ronny ana mafua."

Mimi sikuupenda muziki huo.

"Torkel, huyo Staffan anasema nini?"

"Hasemi, mama. Analia."

"Kwa lugha gani?"

"Kiswidi. Si wewe uliyemsahihishia?"

Ilikuwa kweli. Staffan alikuwa ameniletea mashairi yake shuleni, yamejaa vitenzi vya zamani ambavyo hakuna anayevitumia tena, na nilikuwa nimemrekebishia miisho yote kwa kalamu nyekundu. Kwa hiyo anayetaka kujua nani aliingiza mkono wake katika kazi za kuzimu, aanze na mwalimu wa Kiswidi.

Aliyenifundisha kusikia ni Hilding. Ilikuwa mchana, katika kibanda chake cha zana nyuma ya kanisa, na alikuwa na kaseti mbili. Aliweka kwanza ya bendi moja ya mjini. "Hawa," alisema, "wanapiga kama watu wanaotaka kuogopwa." Akaitoa, akaweka ya vijana wetu. "Hawa wanapiga kama watu wanaoogopa. Ndiyo tofauti yote, mke wangu. Sasa usisikilize juu. Sikiliza chini."

Juu palikuwa na kelele tu, kama theluji inayopeperushwa na upepo juu ya mashamba. Nilitaka kutoka. Akanishika kiwiko. Baada ya muda, kama vile mtu aliyesimama katika dhoruba anavyoanza kuona nguzo za ua, niliusikia wimbo wenyewe. Ulikuwa wa zamani, wa aina ile ambayo wanawake wa milimani waliwaitia ng'ombe wakati wa kiangazi, lakini huu ulikuwa unaita kitu ambacho hakitarudi. Ngoma za Torkel zilikwenda kasi mpaka zikaonekana zimesimama, kama spoki za gurudumu linalozunguka. Na sauti yote ilikuwa nyembamba, ya mbali, kana kwamba imerekodiwa ng'ambo ya mto.

"Mbona hawakuirekodi vizuri?" nikauliza.

"Wameirekodi vizuri. Muziki mwingine unakuja kwako kama muuza bima. Huu unakaa palepale, wewe ndiye unayeuendea."

Sijasoma maelezo bora kuliko hayo, na nimesoma mengi, maana siku hizi wanaandika vitabu vizima juu ya santuri hizi. Tangu siku hiyo, kila bendi ilipomaliza wimbo, Hilding aliniita kibandani. Aliniwekea kisikizi sikioni na kusema, "Chini, Gunvor."

Mwezi wa Februari 1996 Torkel alimaliza kurekodi ngoma za nyimbo zote saba za albamu yao. Mwezi wa Machi, saa nane mchana, alikuwa akirudi kutoka kwa Ronny kwa pikipiki ya theluji, amefunga kikuza sauti nyuma, akakata njia juu ya mto ulioganda kama tulivyofanya sote maisha yetu yote. Barafu ilivunjika karibu na mkondo. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Hakujitoa uhai, na hakuna aliyemtoa kafara. Barafu ilikuwa nyembamba.

Mchungaji alitaka kumwita mtunza kanisa wa parokia ya jirani. Hilding akasema, "Huyu ni wangu." Alipiga kengele ya roho, ile ya kumtangaza marehemu, kwa mikono yake mwenyewe. Aliweka makaa chini ya kifuniko cha chuma kwa siku mbili ili ardhi ilainike, kisha akachimba. Jioni aliingia jikoni, akakaa bila kuvua koti.

"Mita moja na ishirini," alisema.

Baada ya Pasaka Staffan na Ronny walikuja mlangoni. Hawakujua waanzeje. Walitaka kuweka magitaa na sauti juu ya ngoma alizoziacha Torkel, lakini kama mzee hataki, basi. Hilding alichukua chupa yake ya kahawa. Walikwenda Alhamisi saba, wimbo mmoja kila Alhamisi. Na kila Alhamisi alitia alama mbele ya majina matatu.

Mwezi wa Juni, Jumamosi, alikuja bibi kutoka ofisi ya chama, Yvonne, mtu mpole aliyejifuta viatu mara mbili kabla ya kuingia. Aliweka orodha mezani na hakugusa mkate.

"Bwana Norén, samahani. Hapa pana jina la Torkel. Mara saba."

"Ndiyo."

"Lakini tarehe hizi ni za Aprili na Mei."

"Ndiyo."

"Na Torkel..." Akaniangalia mimi anisaidie.

"Fomu inauliza nani alishiriki," Hilding alisema. "Alishiriki. Wale wawili walikuwa wanamfuata yeye. Akienda wanakwenda, akisimama wanasimama. Nilikuwa nimekaa pale, nimemsikia. Ningeandika vipi kwamba hakuwepo?"

Alisema bila machozi, kama mtu anayeeleza kazi yake. Yvonne aliinamisha kichwa. Nami niliwasikia wote ambao hawakuwemo chumbani. Nilisikia rafu ya maziwa. Nilimsikia mama yangu, aliyekuwa kaburini miaka tisa. Mtunza kanisa anayeita wafu. Mume wa mwalimu amerukwa na akili.

"Mume wangu amechoka," nilisema. "Ni makosa ya kalamu tu."

"Si makosa ya kalamu, Gunvor."

"Ni makosa ya kalamu. Tutaandika barua."

Yvonne akasema barua ingetosha kabisa, na orodha mpya yenye majina mawili. Niliandika yote mawili palepale. Nilikuwa na Kiswidi kizuri kuliko mtu yeyote katika bonde hili, na nilikitumia. Niliandika: "Kwa mazoea, na kwa kusahau kwamba mwanangu amefariki, nilitia alama pasipostahili." Nikamsukumia Hilding.

Aliisoma polepole, kama alivyosoma kila kitu, kidole chini ya mstari.

"Hapa umeandika nilisahau."

"Ni neno tu, Hilding. Litawafunga watu midomo."

"Kwamba nilisahau amekufa."

Yvonne aliinuka akaenda kutazama maua dirishani.

"Saini," nilimwambia. "Kwa ajili ya jina letu."

Akasaini. Alisuuza kikombe chake, akakiweka kichwa chini, akatoka kwenda kupiga reki kokoto za makaburini, maana kesho yake ilikuwa Jumapili. Kupitia dirishani nilimwona akifika penye jiwe la Torkel. Alipiga reki kulizunguka mara tatu, akaendelea na safu.

Barua haikumfunga mtu mdomo. Iliwapa karatasi ya kuonyeshana.

Albamu ilitoka vuli ile, inaitwa "Mita Moja na Ishirini". Nyuma ya jalada vijana waliandika: "Kwa Hilding, kiongozi wa duara." Wageni wa mbali, wasiojua maduara yetu ya kufuma na kufuga nyuki, wakadhani ni duara la ibada za giza, na hilo la shetani likatoka huko kuja mpaka dukani kwetu.

Hilding aliishi miaka kumi na tisa baadaye. Hakunipigia kelele, hakunilaumu hata siku moja. Alinitangazia kina cha barafu kila asubuhi kama zamani. Lakini hakuniita tena kibandani. Nikiingia alipunguza sauti, akauliza kwa upole kama chakula kiko tayari.

Albamu yenyewe niliisikia baada ya kumzika, peke yangu, kwa visikizi vyake. Nilisikiliza chini. Mwisho wa wimbo wa sita magitaa yananyamaza yote mara moja, na ngoma inaendelea peke yake, mapigo manne. Torkel alipokuwa akipiga mwezi wa Februari hakujua wenzake wangeishia wapi. Wangeweza kuyakata yale mapigo. Wataalamu wa Ujerumani wameandika kwamba ni kosa la mchanganyaji sauti.

Orodha ya zamani Yvonne aliiacha mezani kwangu siku ile, nami nimeitunza. Alhamisi ya sita, chini ya "Kilichofunzwa", mume wangu ameandika: "Tumejifunza kumwacha amalize."

Wiki iliyopita Staffan alikuja. Ana mvi sasa, anafundisha watoto kuogelea.

"Mwalimu, Wajerumani wanaomba orodha waichapishe. Itamsafisha mzee."

"Kunywa kahawa."

"Nakunywa. Mistari yote saba, wanasema."

"Miisho ya vitenzi vyako bado ni mibaya, Staffan?"

"Mibaya sana, Mwalimu."

"Basi shughulika na hiyo."

Aliangua kicheko, kisha akafuta macho kwa mkono wa sweta, na hakuomba tena.

Ninachosahihisha ni hiki, na ninakisaini kwa jina langu, Gunvor Norén: mume wangu hakusahau. Hakukosea. Neno lile ni langu, nililiandika mimi na kumlazimisha alibebe. Atakayelirudia tangu leo analirudia akijua.

Mstari wa Alhamisi ya saba upo. Nimeusoma. Mnaosoma haya mtauliza, na dukani watauliza. Siwaambii.