Mkwe wangu alidhani napenda kutembea: begi la mgongoni, makaburi ya Waviking na mimi bibi wa Dutwa

Wakuu, mwangaluka, ndiyo salamu yetu Wasukuma.

Mimi ni bibi, naishi Dutwa huku Bariadi, mkoa wa Simiyu. Shule yangu iliishia darasa la nne, kwa hiyo mkiona herufi imekosewa ipiteni, msinifundishe.

Humu huwa nasoma tu. Leo naandika kwa sababu kuna kijana ameuliza anunue begi gani la kutembelea milimani, na nyie wote mliomjibu mmemtajia rangi na kampuni. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza mgongo wake ukoje.

Ninayoyasema yamepita kwenye mgongo huu huu. Asiyeamini aje Dutwa aulizie bibi mwenye begi la bluu, hata watoto watamleta.

Twende.

Nina binti mmoja aliyebaki, anaitwa Minza. Ameolewa Norwe, ni nesi wa wazee huko, anawaogesha na kuwalisha mama za watu. Mume wake ni Mzungu wa huko huko. Mtaniuliza habari za mahari. Mzee wangu aliyamaliza kabla hajafariki, hayo siyo ya uzi huu.

Minza akaniita nikakae naye. Siyo kusalimia, kukaa kabisa. Akaniambia kwenye simu, "Mama, unaishi na kuku. Siku ukianguka nani atajua?"

Ni kweli. Kwangu siku inaweza kuisha sauti pekee niliyoisikia ni ya redio. Kwa hiyo nilikwenda kujaribu jambo moja tu: kama naweza kumalizia uzee wangu kwa mwanangu, au nibaki Dutwa na kuku.

Sasa begi.

Nilikwenda kwenye mitumba pale Bariadi. Nikachagua kama ninavyochagua gunia la pamba: kubwa, kitambaa kigumu, mshono mara mbili. Nikalivuta, nikalikanyaga, halikulia. Muuzaji, kijana mwenye mdomo mrefu, akasema, "Bibi, hilo limetoka Ulaya, ukipotea linakurudisha lenyewe."

Nikamwambia basi lingekuwa limesharudi.

Nikalijaza michembe ya viazi vilivyokaushwa, karanga, unga na vitenge vya Minza. Tulipofika Nyashimo nikashuka kwenye basi kununua maji, nikalivaa nisije nikaibiwa. Hapo ndipo nilipojua nimekosea. Kamba zake nyembamba zilinikata mabega, na mzigo wote unanivuta nyuma kama ndama asiyetaka kamba. Lakini basi lilikuwa linapiga honi, ningelirudisha wapi?

Nikafika Norwe. Minza alipoliona alicheka mpaka akakaa chini. "Mama, umelirudisha kwao!"

Na hapo uwanja wa ndege ndipo mambo yalipoanza. Mume wake alikuja amenyoosha mikono yote miwili, akanikumbatia.

Ngoja niwaeleze wasio Wasukuma. Mkwe wa kiume, sisi tunamwita mkwilima, hakai chumba kimoja na mama mkwe. Hawali pamoja. Hawashikani mikono. Ukimwona anakuja njiani unaingia hata kwenye mahindi ya watu apite. Siyo chuki, ni heshima, tena kubwa kuliko shikamoo. Jina lake mpaka leo silitaji, ndiyo maana humu atakuwa mkwilima tu.

Sasa huyu ananikumbatia mbele ya watu. Nilisimama kama nguzo ya zizi. Minza anajua mila, alisoma bweni lakini anajua. Aliangalia pembeni. Nadhani alitumaini nimelegea.

Sikulegea.

Nyumba yao ni ya mbao, ndogo, bafu moja. Na kazi ya mkwilima ni ya kompyuta, anaifanyia mezani pale pale wanapokula. Minza anatoka asubuhi anarudi amechoka. Kwa hiyo mchana kutwa ndani ya ile nyumba ni mimi na yeye.

Nifanye nini? Mlango mmoja, ngazi moja, kila nikitaka maji lazima nipite mbele yake. Na yeye kila akiniona anasimama, anatabasamu, anavuta kiti.

Nikawa natoka. Asubuhi Minza akishaondoka, natia kwenye begi chupa ya chai, mkate, koti la mvua na kitenge cha kukalia, naondoka mpaka jioni. Kule wakati huo jua haliendi kulala, kwa hiyo giza halikunifukuza.

Hivyo ndivyo nilivyoyajua makaburi.

Ukivuka shamba la ngano nyuma ya nyumba yao kuna uwanda wenye vilima vidogo vya mviringo, vimeota majani kama vichuguu vya zamani. Vingi. Mwanzoni nilidhani ni vichuguu kweli, nikashangaa kumbe na Wazungu wana mchwa. Minza akaniambia ni makaburi ya watu wao wa kale, Waviking, zaidi ya miaka elfu. Walikuwa wakienda mbali kwa mashua, wengine kufanya biashara, wengine kupora. Wakifa wanafukiwa na vitu vyao. Mwanaume na upanga wake, mwanamke na shanga na vifaa vya kusokotea nyuzi.

Kuna mahali mawe makubwa yamesimamishwa kwa umbo la mashua. Mashua ya mawe, kwenye nchi kavu, haiendi popote.

Na juu ya vilima wanachunga kondoo. Kuna mwanamke mmoja mtalii alikuwa anawafukuza, naona aliona ni dharau. Mimi sikuona dharau. Baba mkwe wangu amezikwa ndani ya zizi, ndivyo wakubwa walivyozikwa kwetu, ili asikie kwato za ng'ombe wake. Mtu aliyelala chini anataka nini zaidi ya kusikia mifugo bado ipo?

Nikachagua kilima kimoja cha pembeni, kidogo, nikawa nakaa chini yake. Sikupanda juu, siwezi kukalia kichwa cha mtu. Nikifika namsalimia kwa Kisukuma, namwaga chai kidogo chini, nakunywa yangu. Nilijiambia ni mwanamke yule. Sina sababu, nilitaka tu awe mwanamke.

Wakuu, sitawadanganya. Nilikuwa nimesafiri kwa ndege kumfuata mwanangu, na mtu niliyekuwa naongea naye zaidi ni marehemu asiyejua lugha yangu.

Naenda kuangalia jiko, narudi.

Nimerudi. Karanga zimeungua kidogo, ndiyo gharama ya kuandika.

Siku moja mvua ilininyeshea pale pale makaburini na kamba ya kushoto ya begi ikakatika. Nikafanya ambacho mwanamke yeyote wa Simiyu angefanya. Nikakunja kitenge kuwa kata, nikalibeba kichwani, nikarudi taratibu katikati ya ngano. Mkwilima alikuwa dirishani. Aliniona natokea kule na mzigo kichwani, nimelowa.

Kumbe yeye kichwani mwake alikuwa na hesabu yake. Alimwambia Minza kwamba hajawahi kuona bibi anayependa matembezi kama mimi. Kwamba ameshawasimulia majirani. Kwamba mama anapenda historia ya nchi yao, anatoka jua anatoka mvua. Na kwamba Jumamosi ananipeleka kuninunulia begi la maana.

Minza akanieleza huku anaangalia sakafu. Nikamwambia, "Mwambie ukweli." Akasema, "Mama, nitaanzia wapi? Amefurahi sana."

Basi Jumamosi tukaenda. Kwenye gari nilikaa nyuma, nimejifunika kitenge.

Kijana uliyeuliza, hapa ndipo jibu lako lilipo. Dada wa dukani hakuniuliza rangi. Alichukua futi ya kamba akapima mgongo wangu, kuanzia mfupa wa shingoni mpaka kwenye nyonga. Hicho ndicho kipimo, siyo urefu wako. Akaleta begi dogo kuliko nililotaka, akatia mifuko ya mchanga ndani, akaniambia nipande ngazi na kushuka. Usinunue begi ukiwa umelivaa tupu. Tupu yote ni mazuri.

Halafu mkanda wa kiunoni. Lile la Bariadi halikuwa nao. Mkanda ukikaa juu ya mifupa ya nyonga, mzigo unashuka kwenye kiuno na mabega yanapumua. Kina mama mnanielewa: ukimbeba mtoto juu mgongoni mabega yanakufa, ukimshusha kidogo kiuno kinambeba hata unalima naye. Ni jambo lile lile, wao wameliwekea kifungo.

Na hicho kifungo ndicho kilichoniponza. Kilinishinda kufunga. Dada alikuwa amegeuka. Mkwilima akapiga hatua, akainama, akanyoosha mikono kiunoni kwangu.

Kiunoni kwangu, wakuu.

Niliruka nyuma nikaangusha viatu rafu nzima. Nikatoka nje nimeshika uso. Begi nilikuwa nalo mgongoni, halijalipiwa, na mlango ukaanza kulia kama ng'ombe anayechinjwa. Mlinzi akaja mbio. Watu wote wameganda wanamwangalia bibi mweusi mwenye begi la wizi.

Mkwilima alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Hakujua amekosa nini.

Jioni ile Minza alimweleza kwa lugha yao. Nilikuwa juu chumbani, mbao zile hazizuii sauti. Minza aliongea muda mrefu. Mkwilima aliuliza swali moja, akajibiwa.

Asubuhi hakuwepo. Minza akaniambia, "Amehamia kwa mama yake, kijiji cha pili. Amesema hii iwe nyumba yako. Mama, sasa unaweza kukaa."

Nilifurahi. Nilikaa sebuleni kwa mara ya kwanza, nimenyoosha miguu. Nilipika ugali, nikaimba.

Zikapita siku kama hizo. Halafu jioni moja, mimi nimeshakula mapema, nikashuka nikamkuta Minza mezani. Ametenga sahani mbili kwa mazoea, moja yake, moja ya mume wake. Akaiangalia ile ya pili, akainuka akairudisha kabatini. Akala huku anatazama dirishani, upande wa barabara ya kwa mama mkwe wake.

Ule mlo naujua. Nimeula Dutwa tangu mzee wangu aondoke. Sikutegemea kuukuta kwa mwanangu, tena nimeuleta mimi.

Kesho yake nikaenda kwenye kilima changu. Nilikuwa nimemwaga chai nikasikia mtu anakohoa upande wa pili. Kukohoa kwa kubisha hodi. Nikachungulia. Mkwilima amesimama ng'ambo ya kilima, amenipa mgongo, mikono ameiweka nyuma. Minza alimfundisha vizuri.

"Mama. Shikamoo."

"Marahaba, baba."

"Mimi sikujua."

"Najua hukujua."

Upepo ukapita. Kondoo akaja katikati yetu, akala majani, akaondoka.

"Wewe kaa," akasema. Kiswahili chake kilikuwa kinatoka kimoja kimoja, kama mtu anayevuka mto kwa mawe. "Kaa siku zote. Mimi nalala kwa mama."

"Minza anakula peke yake," nikamwambia. "Rudi nyumbani kwako."

"Na wewe?"

"Mimi nina kwangu."

Hakugeuka. Ila niliona mabega yake yakishuka. Nami niligeukia shamba nikafuta uso kwa kitenge, maana hata mgongo wa mtu unaweza kukuona.

Nikarudi Dutwa. Mtasema mila imenifukuza kwa mwanangu. Mmoja hapa nyumbani ameshanitamkia hivyo hivyo: "Bibi, ungemzoea tu, Mzungu yule." Labda. Lakini mkwilima alinipa heshima yangu yote, mpaka akatoka kitandani mwake. Mtu akikuheshimu hivyo, na wewe unatakiwa kuona amelala wapi.

Begi la bluu ninalo, ndilo lile la dukani, mkwilima alililipia siku ile ile. Naendea nalo sokoni Bariadi, naendea nalo shambani. Wanawake wananicheka kwamba bibi amekuwa mwanafunzi. Wacheke, mabega yangu hayaumi.

Jumamosi simu inaita. Minza ananisalimia kwanza, tunaongea yetu. Halafu simu inageuzwa. Naona vile vilima. Uso wa mtu hauonekani, yeye anakaa nyuma ya simu. Sauti inasema, "Mwangaluka, mama," nami naitikia. Hatuna maneno mengi. Ananionyesha tu, polepole, kondoo, mawe ya mashua, mpaka kilima changu.

Mara ya mwisho kulikuwa na theluji, kila kitu cheupe. Nikaona nyayo za mtu mmoja zimekwenda mpaka kwenye kile kilima, na pale chini theluji imetobolewa na kitu cha moto, rangi ya chai.

Simu ikazima. Nikawamwagia kuku mtama.

Kwa hiyo nililojifunza ni hili. Begi lipime likiwa na mzigo. Na kama una mila ya kushika, iseme siku ya kwanza uwanjani, usiifiche ukaenda kujificha nayo makaburini, maana mwenzako ataona mgongo wako atadhani unapenda matembezi.

Mwenye mkwe wa kabila lingine, au nchi nyingine, aseme humu wanakaaje. Wa kutukana apite, nimelea wakorofi kuliko nyie.

Wengine andikeni, tena andikeni ndefu. Jioni za huku ni ndefu na nasoma zote.