Wimbo wa Mercy na vile viboksi

Leo kwaya yetu imeimba wimbo wa harusi kama watu wanaokimbizwa.

Mercy, tunayelinda naye mnara mmoja wa ghorofa hapa Marina, huku ughaibuni, ameolewa baada ya ibada ya Ijumaa, maana huku kanisa ni Ijumaa. Mama yake hakuweza kuja, kwa hivyo alikuwa kwenye simu, spika imewashwa, anatusikiliza kutoka Kakamega.

Maneno ya wimbo kaka yake Mercy alinitumia kwa imeli. Nikayafungua na Notepad pale kazini, nikaprinti mbiombio kabla sir, bosi wetu, hajarudi. Sikuangalia.

Jamani, ile karatasi. Maneno yote yamefuatana bila mistari, katikati viboksi viboksi.

Na huu ni wimbo wa kuitikiana. Mmoja anaita, wengine wanaitikia. Sasa anayeita anaishia wapi? Tukaimba wote, kila kitu, mpaka pumzi zikakata.

Ndipo mama akaitikia kwenye simu, peke yake.

Mercy akachukua karatasi, akaita. Mama akaitikia. Kila kiboksi, sauti inabadilika.

Kaka yake amenieleza jioni hii: anatumia Linux, na alama yake ya kumaliza mstari Notepad haiitambui, inaweka kiboksi tu. Nimefungua faili hiyohiyo na WordPad, mistari imekaa vizuri kabisa. Kuna mwingine imempata hii, ama ni mimi tu?

Nimemwambia Mercy nitamprintia nyingine safi ya kuweka.

"Wacha tu," akasema. "Nabaki na hii ya viboksi. Inaonyesha mama aliingia wapi."