Kangaja wa Pili

Mdogo wangu, yule fundi saa, hana mambo mengi. Mchana anainamia saa za watu, lenzi jichoni. Jioni anakaa mbele ya tangi lake la maji ya chumvi, refu kama kitanda. Sisi tunamwita Saa Mbovu, maana hajawahi kufika popote kwa wakati. Hata harusini kwake tulimsubiri, na bibi harusi akacheka tu.

Huyo mkewe ndiye aliyeanzisha tangi. Mawe yote aliyapanga kwa mikono yake, matumbawe yakaota juu yake mpaka mawe yakashikana. Alipofariki aliacha samaki mmoja aliyemlea miaka kumi na moja, kangaja wa manjano anayekula majani mkononi mwa mtu. Mdogo wangu hakuwa na haja nyingine duniani ila huyo samaki aendelee kuishi.

Sasa mwani ukaanza kuyafunika matumbawe. Kangaja mmoja haumalizi. Mdogo wangu akataka samaki mkubwa wa kumsaidia, akaja kwangu.

"Dada, twende ukanichagulie. Wewe samaki unawajua."

Nawajua. Miaka arobaini nimepasua samaki sokoni. Kusoma nasoma kwa shida, lakini tumbo la samaki nalisoma bila miwani. Dukani muuzaji akatuonyesha chewa. Nikakataa, nimetoa samaki wazima tumboni mwake. Kikande je? Huyo nimemkuta na kaa na konokono, atasaga kila kitu. Kisha nikamwona kangaja mweusi, mkubwa mara mbili ya yule wa nyumbani.

"Huyu. Tumboni mwake sijakuta kitu ila majani."

Muuzaji akasema taratibu, "Mama, kama nyumbani yupo wa umbo hilihili, chukua wa umbo lingine. Ukimng'ang'ania huyu, mtenge kwa wavu wiki mbili waonane kwanza."

"Kwani ni mfungwa?" nikamwambia. "Nimeanza kupasua samaki wewe hujazaliwa."

Mdogo wangu alimtazama muuzaji, akanitazama mimi. Akanifuata mimi, kama siku zote.

Tulimtia majini saa kumi jioni. Yule wa manjano akatoka kwenye jiwe lake, akasimama ubavu kwa ubavu na mgeni. Rangi yake ikapauka. Hakukimbia, aligeuza mkia. Hapo ndipo nilipokumbuka kile kiwembe ambacho kila kangaja anacho pembeni mwa mkia. Sokoni nilikuwa nakikata kwanza kabla sijagusa tumbo. Sikukiwaza, kwa sababu wa sokoni wote walikuwa wamekufa.

Mgeni naye akageuka, mara moja tu. Kipande cha pezi la manjano kikashuka polepole hadi mchangani.

"Watazoeana," nikasema.

Mdogo wangu akasogea karibu na kioo.

Asubuhi mgeni alikuwa analizunguka lile jiwe, anachuma mwani kidogo, anarudi. Wa manjano haonekani. Mdogo wangu hakufungua kibanda chake cha saa. Siku ya pili vilevile, na majani aliyoyashika mkononi aliyala mgeni. Tukajaribu kumvua mgeni kwa wavu, akajificha katika kila tundu. Ikabaki njia moja, kuyatoa mawe.

"Ukiyavunja hayarudi," nikamwambia. "Ile ni kazi ya mkeo."

"Najua ni kazi ya nani, dada."

Akazamisha mikono mpaka mabegani. Jiwe la kwanza lilipoachia lilitoa mlio wa mfupa unaovunjika. Akawa ananipa moja moja, mimi napanga kwenye beseni, matumbawe yanachuruzika ute. Alipobaki hana pa kujificha, tulimnasa mgeni. Chini ya jiwe la mwisho tukamkuta wa manjano amelala ubavu, jicho moja halipo, mashavu yanapanda na kushuka.

Mdogo wangu akamtia kwenye ndoo, akakaa sakafuni, akamshikia jani majini.

"Nimekosea mimi," nikasema. Si neno ninalolisema. Sijui kama alilisikia, na sikulirudia.

Samaki alikufa adhuhuri. Mdogo wangu alikuwa bado hajautoa mkono ndooni.