Mtia dawa visimani aliyeacha kula njiani

“Anywe yeye mwanzo! Yeye mwenyewe, si wewe wakili wake!”

“Nassra, punguza sauti. Leo Mwaka, majumba yana wageni.”

“Majumba yenu. Kwangu mimi hajaingia hata paka wa jirani.”

“Na ataingiaje, kwa mdomo huo? Mbuzi wako walikula majani ya muhogo mchungu. Mji mzima unajua, ila wewe tu.”

Ni saa nne asubuhi, siku ya pili ya sherehe za Mwaka, mwaka mpya wa jadi, katika kijiji kimoja cha kusini mwa Unguja, si mbali na Makunduchi. Wenyewe wameomba kisitajwe jina. Bi Mardhiya na Bi Nassra, majirani wanaotenganishwa na ua wa makuti, wanarushiana maneno kando ya kisima wanachochota pamoja.

Kati yao amesimama mwanamke mwembamba, ndoo mkononi. Alipofika alimwamkia Bi Nassra shikamoo. Hakujibiwa. Amevaa viatu vya raba, na kamba zake kazifunga fundo mara mbili.

Huyo ndiye Tahiya, mwenye miaka 41, mzaliwa wa Mlandege, mjini. Kazi yake ni kuzunguka kisiwa kwa vespa, kupima maji ya visima na kuyatia dawa ya kuua vijidudu. Ana visima 38 katika zamu yake, kuanzia Donge hadi Kizimkazi. Mwaka mzima amefika vyote, isipokuwa hiki.

“Usiku sikulala,” anasema kwa sauti ya chini, huku akikoroga dawa ndani ya ndoo. “Mume wangu Mudrik kaniambia, ‘Mwambie mkuu wako unaumwa.’ Lakini Mwaka huu wageni wamejaa hapa. Wakiharisha wageni, nani atakayelaumiwa?”

Anamimina dawa kisimani, anateremsha ndoo na kuipandisha mara kumi ili maji yachanganyike. Kisha anatazama saa. Dawa inahitaji nusu saa. Wanawake tisa wamesimama, hakuna anayeondoka.

Kabla ya mambo kuharibika, Tahiya alikuwa hana mpinzani katika jambo moja: kujua pa kula. Muulize kijiji chochote cha Unguja, atakwambia njia ya mkato ya kufika, mkahawa wa kukaa, na kitu cha kuagiza. Madereva wa ofisini walikuwa wakimpigia simu njaa ikiwabana.

Forodhani, bustani ya vyakula vya usiku mjini, hakupataka. “Pale wanakula watalii na wachumba,” anasema. Yeye alikuwa mtu wa Tunguu, nyuma ya chuo, kwenye supu ya kuku ya mpishi mmoja aitwaye Mkadam. Bwejuu alijua nyumba inayopika pweza wa nazi siku za Jumatano tu. Mkokotoni alijua kibanda ambacho ukichelewa dakika kumi, mkate wa ufuta umekwisha na mwenyewe anakucheka.

“Vijia vya kupita kwenye msitu wa mawe navijua kuliko watoto wa huko,” anasema. “Nlikuwa naweka vespa kivulini, natembea, nafuata harufu ya kitunguu.”

Wala haikuwa ulafi. Ndiyo kazi yenyewe ilivyo. Msabah, mzee aliyemfundisha na ambaye sasa amestaafu, alimpa kanuni moja siku ya kwanza: kula kwao, kunywa kwao, ndipo ufungue mfuko wako. Mtu anayeingia kijijini kwa watu na kumwaga unga mweupe kisimani, lazima kwanza aonekane ameketi, ametafuna, amekunywa maji yale yale.

Mwaka jana, wakati wa masika, kanuni hiyo aliivunja mara moja tu.

Ilikuwa Ijumaa. Kulikuwa na habari za watu kuharisha, na yeye alitaka amalize kabla ya adhana. Akafika kisimani hapa moja kwa moja, hakusalimia nyumba hata moja, akamimina dawa, ndipo akaenda kula kwa Ubwa, mwenye mkahawa wa pembeni mwa msikiti.

“Nlikosa mimi,” anasema. “Nlitanguliza dawa, nkachelewesha salamu.”

Siku ile ile mbuzi wawili wa maziwa wa Bi Nassra walianguka uani, povu mdomoni. Maji ya kisima yalikuwa na harufu kali. Katika vijiji vyetu neno halisubiri gari. Kabla chapati ya pili haijafika mezani, kijiji kizima kilikuwa na habari kwamba mwanamke wa mjini ametia sumu.

Tahiya anakumbuka sauti za nje kwanza. Alipoinua kichwa, mlango wa mkahawa ulikuwa umezibwa na watu. Ubwa, aliyekuwa akimtania kila mwezi kwa kupenda pilipili, alikuwa akitazama ukuta.

“Nilisema, ‘Bwana Ubwa, si unanijua?’ Hakunijibu,” anasema. “Mpaka leo hilo ndilo linaloniuma. Mawe yalikuja baadaye.”

Jiwe la kwanza lilivunja taa ya vespa. Tahiya alitokea mlango wa nyuma, akaingia kwenye kijia cha mawe makali, akakimbia na kiatu kimoja; cha pili kilibaki njiani. Aliwasikia wakiulizana amepita wapi. Mlango wa jikoni ukafunguka, mkono ukamvuta ndani. Alikuwa Bi Mardhiya.

“Nlimfunika kwa magunia ya kuni,” anasema Bi Mardhiya. “Nkakaa juu ya kibao cha mbuzi, nakuna nazi kama sina habari. Nassra akachungulia, akaniuliza, ‘Umemuona?’ Nkamwambia, ‘Nani?’ Baadaye akajua; tangu hapo hatupikiani.”

Tahiya alikaa chini ya magunia yale mpaka baada ya alasiri. Mguu ulishonwa nyuzi saba.

Alirudi kazini baada ya wiki tatu, ila aliyerudi hakuwa yule. Hakula tena njiani. Akibeba mkate wa mofa na chupa ya maji kutoka nyumbani, akila wima karibu na vespa, uso umeelekea njia. Hakuvua tena viatu mlangoni kwa mtu. Alipungua kilo sita.

“Posho ya safari ni elfu kumi na tano, siku hizi narudi nayo nzima,” anasema, na kicheko chake kinakatikia njiani. “Mudrik anasema tunatajirika.”

Lakini hofu yake ilizaa hofu ya wanavijiji. Bwejuu mama mmoja alimuuliza, “Mbona siku hizi maji yetu huyanywi? Unajua nini?” Donge walimfungia lango la kisima mpaka sheha, kiongozi wa eneo, akaitwa. Mtia dawa asiyekunywa, nani atamuamini? Mkuu wake alimwambia wazi kwamba visima vikiendelea kufungwa, zamu atapewa mwingine, naye atakaa ofisini kupanga chupa.

Ndiyo maana leo amekuja hapa, pale pale palipoanzia.

Nusu saa imetimia. Anateka maji, anachota kwa kata. Bi Nassra amekunja mikono, macho hayapepesi.

Tahiya anasema bismillahi, anakunywa. Anameza mara tatu, kata inakauka.

Hakuna anayepiga makofi. Wanawake wanaanza kushusha ndoo, mmoja mmoja, kama watu wanaoingia baharini bila kujua kina. Bi Nassra anageuka, anakwenda zake.

“Huyo anakwenda kuita watu,” Tahiya ananong’ona.

“Watu gani? Wameshiba pilau, wamelala,” anamjibu Bi Mardhiya. Hata hivyo anasogea, anasimama upande wa njia.

Tahiya anafunga vifaa vyake kwa haraka. Akiulizwa anataka nini hasa, hafikiri sana: anataka kumaliza visima vyake kabla ya vuli, kisha siku moja apite kwa Ubwa, aagize chapati mbili, na aimalize ile ya pili.

“Nataka tu kukaa kitako,” anasema. “Kukaa kitako nikala, bila kuhesabu milango.”

Anapofika penye vespa, Bi Nassra ametokea mlangoni kwake, peke yake. Mkononi ana kitu alichokiviringisha ndani ya kipande cha kanga kuukuu. Anakifungua. Ni ndara ya ngozi, ya mguu wa kushoto.

“Niliiokota njiani siku ile. Mwaka mzima iko chini ya kitanda changu,” anasema. “Kuitupa naogopa. Kuichoma naogopa. Nkasema, huenda ina kitu.”

“Haina kitu, Bi Nassra. Kiatu tu.”

“Nshajua.” Anatazama chini. “Salamu yako ya asubuhi sikuijibu. Marahaba.”

Nyuma yake, ndani, mkeka umetandikwa. Sinia la wali na samaki limefunikwa kawa, na pembeni pana jagi la maji. Hakuna mtu mwingine. Watu wa kusini wanajua maana yake: nyumba iliyopitisha Mwaka bila mgeni inauanza vibaya, na jua la siku ya pili limeshapanda.

Tahiya anaitazama vespa, hatua kumi tu. Analitazama jagi.

“Maji ya kisima?”

“Ya kisima. Nimechota baada yako.”

Anainama kufungua kamba za raba. Mafundo mawili, anayavuta kwa pupa. Bi Nassra anasubiri, ameshikilia pazia la mlango.

“Vua taratibu, mwanangu, hakuna anayekufukuza,” anasema. “Karibu ndani, wali unapoa.”