Washa ya Shaba

...karakana nzima, jamani! Yangu! Leo mchana baba kanikabidhi sanduku lake la spana mbele ya watu, halafu akalia. Baba huyuhuyu ambaye nyundo ilimvunja kidole akasema "aah", basi, akaendelea na kazi.

Watu wakapiga vigelegele. Mimi nikatamani ardhi ipasuke inimeze.

Ngojeni niwaambie, maana nikikaa nalo litanipasua kifua.

Mwezi jana Mama Mbao, mwenye mashine ya kupasulia magogo, alituletea giaboksi inayonguruma. Baba akaifungua. Akasafisha, akabadilisha beringi, akapanga gia kwenye shafti moja moja. Polepole! Siku hizi kila kitu anakishika kwanza kwa vidole, ndipo anakitazama.

Msumari, mchomeleaji wa jirani, hakosi neno. "Mzee, ukija kumaliza hiyo, magogo yatakuwa yameshaota majani!"

"Cheka tu," baba akamjibu. "Kazi yako wewe unaifunika kwa rangi. Yangu inazunguka."

Nilicheka mpaka mbavu zikauma.

Baba akatoka kwenda kununua oili. "Mwanangu, usiguse. Nikirudi nafunika."

Kwetu ndiyo sheria: aliyefungua ndiye anayefunga.

Lakini si nina diploma bwana! Nikachungulia. Kati ya gia na bega la shafti, pale gia inapoegemea, kuna washa ya shaba, kijiduara chembamba chenye tundu, imekatwa kwa mkono, imepigwa msasa. Kwenye michoro ya chuoni haimo.

Nikasema moyoni, haya ndiyo mambo ya kizee.

Nikachomoa gia, nikatoa washa, nikarudisha gia. Nikazungusha kwa mkono. Laini, haina hata mkwaruzo.

Washa nikaitia mfukoni. Nilitaka ipige kazi mwezi mzima, ndipo nimwambie, "Baba, unaona?"

Akarudi, akamimina oili, akafunika.

Siku tatu. Tatu tu!

Ikarudi imejaa vipande vya meno ya gia. Kumbe bega la shafti lilishalika zamani, na pengo lile ndilo baba aliliziba kwa washa. Bila washa, gia ilikuwa inahama kidogo kidogo, mpaka ikawa inashikana na mwenzake kwa ncha ya meno. Gogo zito lilipokuja, kwisha habari.

Mama Mbao hata hakupaza sauti. "Fundi, miaka ishirini sijawahi kumpelekea mwingine."

Baba akaingiza kidole kwenye shafti. Akapapasa. Akapapasa tena.

"Nimesahau washa," akasema. "Nimeikata mwenyewe. Nilijua nimeiweka. Kumbe wapi."

Nikafungua mdomo.

Msumari akaniwahi: "Uzee haupigi hodi, mzee wangu."

Nikaufunga. Haki ya Mungu, sijui kwa nini.

Tangu siku ile baba anajichunguza. Akirudisha spana anaihesabu mara mbili. Anamuuliza mama, "Hivi dawa nimeshakunywa?" Hajawahi kuuliza hivyo maisha yake yote.

Na leo ndiyo hivyo. "Mkono ukianza kukudanganya," akawaambia watu, "ondoka kabla haujaua mtu. Huyu ana macho, ana na shule."

Akanigeukia.

"Wewe usingesahau."

Mnaniandikia hongera tangu mchana. Acheni. Ukikuta kitu ambacho kitabuni hakimo, muulize aliyekiweka. Kuuliza ni dakika moja. Mimi dakika hiyo niliibania, nikamfanya baba yangu aamini kwamba akili inamtoka.

Sasa hivi yuko sebuleni, kanyoosha mikono mbele ya mama. "Tazama inavyotetemeka."

Haitetemeki. Nimeitazama vizuri. Haitetemeki hata kidogo.

Haya yote nitamwambia yeye mwenyewe kesho asubuhi, mbele ya walewale waliopiga vigelegele.